Sungura Wako Hana Maringo, Anaumwa

Wasee, leo naongea wazi, na ukikasirika ni sawa tu. Kila Valentine na kila Pasaka, simu yangu hujaa video za sungura wadogo weupe ndani ya vikapu vyenye utepe. Laiki zinamiminika. Siku tatu baadaye swali ni lilelile: "Sungura wangu mpya hataki kula, ni kawaida?" Na wajuaji wako tayari kujibu: "Atazoea." "Ana maringo huyo." "Akisikia njaa atakula mwenyewe."

Hiyo "atazoea" ndiyo inawamaliza.

Mbwa anaweza kuruka mlo mmoja na maisha yakaendelea. Sungura hana hiyo nafasi. Utumbo wake umeumbwa kusukuma nyasi mchana na usiku bila kusimama. Chakula kikiacha kuingia, utumbo unapunguza mwendo, gesi inajaa, tumbo linauma. Likiuma, ndio hataki kula kabisa. Na sungura hawezi kutapika, kwa hivyo kilichokwama kimekwama. Akikaa saa 12 bila kula na bila kutoa kinyesi, hiyo ni dharura. Usingoje hadi wikendi.

Halafu hatalia. Mnyama anayewindwa akionyesha udhaifu huliwa, kwa hivyo anaficha maumivu. Atajikunyata kwenye kona, macho nusu wazi, nawe utasema, "Angalia venye ni mpole."

Sasa tuseme ukweli kuhusu nani anasababisha haya. Wa kwanza ni muuzaji. Mtoto wa sungura anafaa kukaa na mama yake hadi wiki 8 hivi. Lakini mdogo ndiye mrembo, na mrembo ndiye anauzwa haraka, kwa hivyo unauziwa wa wiki 4 au 5 ambaye tumbo lake bado halijakomaa. Anatolewa kwa mama, anatiwa kwenye katoni, anapigiwa honi njia nzima, kisha anafikia nyumba yenye redio, paka na watoto watano wanaogombania kumbeba. Hofu peke yake inatosha kumfungia hamu ya kula. Muuzaji hakukwambia alikuwa akila nini, nawe hukuuliza. Unambadilishia chakula kwa siku moja, wakati mabadiliko hayo yanafaa kwenda polepole kwa wiki nzima, ukichanganya cha zamani na kipya.

Wa pili ni sisi tunaotengeneza video. Tumewadanganya watu kwamba sungura anaishi kwa karoti. Karoti ina sukari nyingi, ni kionjo tu. Chakula chake hasa ni nyasi kavu, zile za marobota zinazouzwa agroveti kwa ajili ya ng'ombe, na zinafaa kuwa mbele yake saa zote. Meno yake hayaachi kukua maisha yake yote, na kutafuna nyasi ndiko kunayapunguza. Bila nyasi, meno yanarefuka vibaya, yanamchoma mdomoni, halafu tunashangaa mbona ameacha kula. Ongeza joto: sungura hupunguza joto kupitia masikio, hana jasho la kumsaidia kama wewe. Ukimweka chini ya mabati saa nane mchana, au kwenye balkoni ya Mombasa isiyo na kivuli, usimlaumu akisusia sahani.

Najua mtakachosema: "Mbona kule ushago wanafugwa bila hizi drama?" Enyewe, nendeni muangalie vizuri. Mfugaji makini anakata nyasi kila siku, kizimba chake kiko kivulini, na asubuhi kitu cha kwanza anatazama kinyesi chini ya kizimba. Kikiwa kidogo au hakuna, anajua kuna shida. Yeye anafuga wa nyama na bado anajali kuliko wewe uliyempa wako jina na akaunti ya Instagram.

Mwingine atasema daktari wa mifugo ni ghali kuliko sungura mwenyewe. Ndiyo, ni ghali. Hiyo ndiyo bei halisi ya sungura. Ile uliyolipa kwenye foleni ilikuwa ya kumbeba tu. Kama huna ya daktari, nunua maua.

Kama tayari unaye na hajala, acha kusoma comments. Mpeleke kwa daktari wa mifugo leo. Mkiwa njiani mwekee nyasi na maji, funika boksi kidogo atulie, na acha upenyo wa hewa. Usimpe amoxicillin iliyobaki ya mathe, kwa sababu dawa za jamii ya penicillin zikipita mdomoni huua bakteria wazuri wa tumbo lake na zinaweza kumuua yeye pia. Tumbo likiwa gumu na limejaa, usimlazimishe kumeza kitu.

Na muuzaji akikupa sungura, muulize maswali mawili: ana wiki ngapi, na alikula nini jana? Akikosa jibu, weka pesa yako mfukoni na uende. Tukiacha kununua kwa watu kama hao, wataacha kuwatenganisha watoto na mama zao mapema.