SHAMBA NA BUSTANI: Msandali Wataka Subira

Wenyeji wengi wa Kitui na Makueni waujua msandali, kichaka cha vilima vyenye mawe, kisichopukutisha majani hata wakati wa kiangazi. Yafaa mwenye shamba ajue tabia zake kabla ya kuupanda karibu na nyumba.

Kwanza, hukua polepole sana. Anayetaka faida ya upesi na apande kitu kingine. Pili, mizizi yake hushika mizizi ya mimea jirani na kufyonza humo maji na chakula. Kwa hiyo usiupande peke yake, wala usifyeke vichaka vyote vilivyo kando yake. Ukiondoa jirani, nao hudhoofika. Tatu, iko miti dume na miti jike. Ukitaka mbegu, sharti yote miwili iwepo.

Adui yake mkubwa ni mwanadamu. Mafuta yenye harufu nzuri yamo katika moyo wa mti na katika mizizi, basi wachuuzi huung'oa mzima, wala hakibaki kisiki cha kuchipua. Kwa sababu hiyo Serikali ya Kenya ilikataza kuuvuna mwituni mwaka 2007, na mwaka 2013 biashara yake baina ya nchi na nchi iliwekwa chini ya mkataba wa CITES.

Basi, msomaji, akikujia mtu usiku na fedha mkononi akitaka mizizi, mkatalie. Fedha zake zitakwisha upesi, na shimo litabaki kwako.