KAZI YA MTANDAO NA UJIRA WAKE

Serikali yataka vijana wetu wafanye kazi kwa mtandao: kupiga sinema kwa simu, kuandika, kufasiri, kutengeneza sauti. Mwaka 2016 ilianzisha mpango wa Ajira Digital, na katika Mpango Mkuu wa Dijitali wa 2022 hadi 2032 imeahidi kilomita 100,000 za nyaya na vituo 1,450, yaani kimoja kwa kila wadi. Sisi hatuupingi mpango huu. Twauliza tu yale ambayo haukuyajibu.

Kituo kimoja kwa wadi chafaa Nairobi. Hapa kwetu, kikiwekwa Faza, kijana wa Pate mjini atangoja maji yajae ndipo mashua itoke, au atalipa pikipiki. Aliyepanga hayo labda alitazama ramani tu, wala hakuiona bandari ya Pate maji yakipwa.

Lakini jambo zito ni ujira. Mswada wa fedha wa 2023 ulitaka wanaopata fedha kwa kazi za mtandao wakatwe 15 kwa mia. Baada ya makelele mengi Bunge likashusha hadi 5. Hizo 5 hukatwa katika malipo yote, kabla ya kutoa gharama ya bando, simu na nauli. Basi Serikali imekwisha mtambua mtu huyu kuwa mlipa kodi. Kumtambua kuwa mfanyi kazi, bado. Hana likizo, hana malipo ya ugonjwa, na kampuni ikimfungia ukurasa wake hana baraza la kumsikiliza. Mvuvi wa Kizingitini aijua sana biashara hii: bei ya kamba hutajwa na mwenye barafu.

Wenzetu wa Nairobi hawakungoja. Tarehe 1 Mei 2023 wafanyi kazi zaidi ya 150, waliochuja picha na maneno machafu kwa ajili ya Facebook, TikTok na ChatGPT, walipiga kura waunde chama chao. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba Meta, wenye Facebook, waweza kushtakiwa hapa Kenya, ingawa walidai kuwa wao si kampuni ya hapa.

Tena kuna mali yetu. Utendi wa Tambuka uliandikwa hapa Pate mwaka 1728. Leo nakala yake ya kale iko Hamburg, Ujerumani. Sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi yazipa kaunti kazi ya kuandikisha mali za namna hii. Kaunti ya Lamu na iandikishe, kabla nyimbo za mama zetu hazijarekodiwa na kuuzwa, nasi tukazinunua kwa bando.

Tawi litapeleka maswali haya kwa Mbunge wa Lamu Mashariki na kwa Waziri wa Kazi. Mwanachama mwenye mtoto au ndugu afanyaye kazi hii amlete ofisini pamoja na hesabu zake za malipo, hata zikiwa ni ujumbe wa simu tu, maana Waziri atatuuliza hesabu hizo kwanza.