Bao Moja la Ndola Linatosha

Nitaje jina kabisa tusizungushane: Peter Tino. Siku nchi hii itakapokuwa na ukumbi wa mashujaa wa soka, ule wa kweli, wenye kura na wenye mlango ulio wazi kwa watoto wa shule, yeye awe kwenye kundi la kwanza.

Huku Chanji ukisema hivyo kijiweni unachekwa. Vijana wa rika langu, watu wenye diploma na digrii zao, wanaoijua Manchester City msimu mzima kwa kichwa, wanauliza swali moja tu: ana mabao mangapi? Ukijibu kwamba wewe unazungumzia bao moja, ubishi umekwisha. Wanarudi kwenye mikeka yao ya Jumamosi. "Kaka, bao moja hata beki anafunga."

Wao wanataka majina yenye hesabu. Abdallah Kibadeni, aliyefunga matatu peke yake Simba ilipoichapa Yanga 6-0 mwaka 1977. Mbwana Samatta, mchezaji bora wa mwaka 2015 kwa wanaocheza ndani ya Afrika, kisha Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Sibishani na hata mmoja kati yao. Waingie wote. Ninachobishia ni kipimo.

Turudi Agosti 1979. Vita na Idi Amin imetoka kwisha, nchi imechoka. Fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 1980 zitachezwa Nigeria, na zina timu 8 tu. Nigeria ni mwenyeji, Ghana ni bingwa mtetezi, hao tayari wamo. Bara zima linagombea nafasi sita zilizobaki. (Mwaka 2019 tuliporudi, timu zilikuwa 24. Kijana anayelinganisha kufuzu huku na kufuzu kule aanzie hapo.) Kati yetu na Lagos amesimama Zambia, ambaye miaka mitano tu nyuma alicheza fainali yenyewe. Dar es Salaam tukashinda 1-0. Ndola wakatangulia wao, jumla ikawa sare, kwao, mbele ya watu wao. Mechi ikielekea ukingoni Tino akasawazisha. Tukafuzu. Baada ya hapo hatukuonekana tena kwenye fainali hizo kwa miaka 39.

Sina video ya kukuonyesha. Tanzania Bara haikuwa na televisheni wakati ule, na bao lile liliingia nchini kwa redio. Kwa sisi wa Ufipa lilikuwa na ladha yake zaidi, maana Chanji iko karibu na Zambia kuliko ilivyo karibu na Dar es Salaam. Ukivuka Kasesya, Mbala iko hapo tu. Watu huku wana mashemeji na wateja upande wa pili. Kusawazisha Ndola ni jambo unaloweza kukumbushiana sokoni mwaka mzima.

Sasa mnataka takwimu. Takwimu zipi? Ligi ya miaka ya 1970 nani alikaa akahesabu pasi za mwisho, mashuti yaliyolenga goli, dakika alizocheza fulani? Kumdai straika wa enzi ile namba za leo ni kumdai risiti ya duka ambalo halikuwahi kutoa risiti. Halafu hata wenye risiti hawajamaliza ubishi. Wamarekani, kwenye ule mpira wao wa kubeba mkononi, wanahesabu kila kitu, na jumba lao la mashujaa liko Canton, Ohio. Lynn Swann, mpokeaji wa Pittsburgh Steelers, yaani yule anayekimbia mbele kudaka pasi, alidaka pasi 336 tu katika msimu ya kawaida yote aliyocheza. Namba ndogo kwa wenzake. Aliingia mwaka 2001, kwa sababu siku za fainali kubwa alidaka zile ambazo watu hawakuzisahau. Terrell Owens alikuwa na yadi zaidi ya 15,000, na bado wapiga kura walimkataa mara mbili kabla ya kumwingiza mwaka 2018. Kwa hiyo msinitishe na rula. Wenye rula wenyewe wanabishana.

Na ninyi wenyewe hamuishi kwa rula. Oktoba 2020 Tanzania Prisons waliifunga Simba 1-0 hapa hapa Sumbawanga, Uwanja wa Nelson Mandela. Samson Mbangula. Prisons walimaliza nafasi ya ngapi msimu ule? Kimya. Mbangula alifunga mangapi kwa jumla? Kimya. Lakini bao lile kila mmoja wenu analisimulia, hata ambaye najua siku ile hakuwepo uwanjani.

Hoja pekee inayonisumbua ni ya Thuwein Waziri. Kule Lagos tulifunga mabao matatu, na mawili ni yake, moja dhidi ya Misri, jingine lililotupa sare na Ivory Coast. Mtu akisema Thuwein kwanza, Tino baadaye, namsikiliza. Ila Lagos isingekuwepo bila Ndola, na kura yangu inabaki hapo. Wapo pia wanaotaka kikosi kizima kiingie kama jina moja. Hiyo naiona kama njia ya adabu ya kutomtaja yeyote. Mtoto atasoma "Taifa Stars 1980" ukutani na kupita.

Kuna watakaosema Tino alishakumbukwa. Ni kweli, mwaka 2019 Taifa Stars ilipofuzu, Rais Magufuli aliwaita wachezaji Ikulu akawapa viwanja Dodoma, na Tino naye hakusahaulika siku ile. Vizuri. Lakini ile ilikuwa hisani ya mkubwa, na hisani inategemea mkubwa ameamkaje. Ilibidi wengine wafuzu ndipo yeye aitwe. Ukumbi ungemtaja hata mwaka ambao tumefungwa kila mechi, na ungemtaja kwa haki yake.

Simu mnazo. Waliokuwa vijana mwaka 1979 bado wapo hapa mtaani, wengi wameshavuka miaka 65, na hakuna aliyewarekodi. Mkitaka takwimu za bao lile, anzieni kwao: redio ilikuwa ya nani, walikuwa wangapi wameizunguka, na betri zilifika mwisho wa mechi au hazikufika.