AFYA YA JAMAA: Moyo Hupenda Kilima



Mvua zimekwisha, na baridi ya kiangazi imeingia katika nchi yetu ya Katanga. Toka Mei mpaka Septemba njia ni kavu, na jua halichomi kama lichomavyo mwezi wa Oktoba. Hakuna majira yafaayo zaidi kwa kutembea kwa miguu. Lakini wengi wetu hapa Lubumbashi huyapitisha tukiwa tumeuzunguka moto wa mbabula. Basi leo twataka kuzungumza nanyi juu ya moyo na kilima.

Moyo tunaousema ni ule wa nyama, ulio kifuani, mkubwa kadiri ya ngumi ya mwenyewe. Kila siku hupiga yapata mara 100,000. Hata tukiwa tumelala, kila dakika husukuma kadiri ya lita 5 za damu. Haupumziki usiku, wala Dominika.

Moyo huo ni msuli, na kila msuli usiofanyishwa kazi hulegea. Mtu apandapo kilima, miguu yake hudai damu nyingi, nao moyo huongeza mapigo ili kuipeleka. Akizoea kupanda, moyo hupata nguvu, hata wakati wa kupumzika waweza kufanya kazi yake kwa mapigo machache zaidi. Mishipa nayo hulainika, na shinikizo la damu hupungua.

Mwaka 1953 daktari Mwingereza, Jeremy Morris, pamoja na wenzake, walitangaza habari ya kushangaza. Waliwachunguza wafanyakazi wa mabasi ya London, yale yenye orofa mbili. Dereva alikaa kitini siku nzima. Mwenzake mkata tikiti alipanda na kushuka ngazi siku nzima. Walifanya kazi katika basi moja, lakini ugonjwa wa moyo uliwapata madereva zaidi kuliko wakata tikiti. Tena ulipowapata wakata tikiti, kwa kawaida haukuwa mkali kama kwa madereva.

Sasa tujitazame sisi wenyewe. Babu zetu walikwenda shambani kwa miguu na kurudi kwa miguu. Mjukuu wao amepata kazi ya ofisi: asubuhi hukaa katika teksi, mchana hukaa kitini, jioni hukaa mbele ya televisheni. Tumbo likitokeza, majirani husema, "Huyu amefanikiwa." Kumbe pengine ndani yake umekwisha kuingia ugonjwa wa shinikizo la damu, ambao mjini twauita tansio. Ugonjwa huu mara nyingi hauumi wala hautoi dalili. Mtu hulala mzima, na asubuhi upande mmoja wa mwili umekufa, mdomo umepinda. Ndipo wengine katika jamaa huanza kumtafuta mchawi, na bibi kizee asiye na kosa hufukuzwa nyumbani. Ndugu Wakristo, tusimtie mtu hatiani kwa ugonjwa uliojificha katika mishipa ya damu! Ni dhambi kubwa, wala haimponyi mgonjwa.

Tufanye nini basi? Kwanza, nenda zahanati ukapimwe. Vipimo vikirudiwa na kuonyesha 140 juu ya 90, au zaidi, shinikizo limepanda, na yakupasa kufuata shauri la daktari. Mwenye kuumwa kifua, au kukosa pumzi kwa kazi ndogo, asipande kilima kabla daktari hajamruhusu. Naye aliyepewa dawa asizitupe kwa sababu ameanza kutembea. Miguu husaidia dawa, haiondoi haja yake.

Pili, anza na njia tambarare. Shirika la Afya la Dunia lawashauri watu wazima watembee kwa bidii angalau dakika 150 kila juma, yaani nusu saa kwa siku 5. Kwenda Misa kwa miguu na kurudi kwaweza kuwa mwanzo mwema. Haba na haba hujaza kibaba.

Tatu, miguu ikizoea, tafuta mwinuko. Mji wetu umekaa juu ya uwanda, yapata mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, lakini hauna mlima karibu. Ule mlima mweusi ulio karibu na dohani ndefu ya kiwanda ni masalia ya shaba iliyoyeyushwa tangu mwaka 1911, wanafunzi wasiuchezee. Ngazi za shule na barabara zenye mteremko zatosha kwa siku za kazi. Lakini kikundi cha parokia kikipata nafasi na gari, uko uwanda wa Kundelungu, ng'ambo ya mto Lufira, wenye majani mafupi na upepo safi, unaofika kadiri ya mita 1,700. Huko maji ya Lofoi huanguka zaidi ya mita 300. Kundelungu ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1970. Ombeni idhini ya wasimamizi kabla ya kwenda.

Mtu ajuaje mwendo umfaao? Asali Salamu Maria kwa sauti akipanda. Akiweza kuimba wimbo mzima bila shida, aongeze mwendo. Akiweza kusali lakini hawezi kuimba, mwendo ni mwema. Akishindwa hata kumaliza sentensi, na apunguze. Kifua kikibana au kichwa kikizunguka, asimame mara moja, aketi, wenziwe wasimwache. Tena chukueni maji ya kunywa, na mrudi kabla ya giza. Kumbukeni pia kwamba magoti huumia zaidi wakati wa kushuka: kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma.

Mama Maria alipokwenda kumhudumia Elisabeti, alipita nchi ya milima. Sikukuu yake ni tarehe 31 Mei, mwanzoni mwa kiangazi chetu. Nanyi wanafunzi, mtazameni Mtakatifu Pier Giorgio Frassati wa Torino, aliyetangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Alisomea uhandisi wa migodi ili awe karibu na wachimbaji; alipenda kupanda milima pamoja na rafiki zake, na hela zake aliwagawia maskini. Sikukuu yake ni tarehe 4 Julai, katikati ya baridi yetu.

Akina baba, siku hiyo ondokeni penye mbabula, mwachukue watoto wenu, mtembee nao nusu saa. Na akina mama, waliochoka kwa kubeba mizigo juma zima, wapumzike.