Mitishamba haina kosa, hatari ni ahadi ya kupona kabisa

MGONJWA wa kisukari au shinikizo la damu katika kijiji cha Raila, mtaani Kibera, mara nyingi hana siku ya kuambiwa kwamba amepona. Maradhi hayo hudhibitiwa kwa dawa, lishe na vipimo, mwaka baada ya mwaka. Ukweli huo mchungu ndio unaowapa soko wauzaji wa dawa za kienyeji, kuanzia Kibera hadi Kawangware, maana wao huuza kile ambacho daktari hathubutu kukitaja: kupona kabisa.

Ni makosa kudhani kwamba wanaokimbilia muarobaini, mlonge au shubiri ni wajinga. Wengi ni vibarua wanaopata ujira kwa siku, ilhali ugonjwa sugu hudai gharama zake mwezi baada ya mwezi. Muuza mitishamba humpimia mteja dawa kulingana na kilicho mfukoni, humkopesha akiwa jirani, na humsikiliza kwa muda ambao muuguzi mwenye foleni ndefu mlangoni hana.

Ukubwa wa tatizo unajulikana. Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya alikuwa na shinikizo la damu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Katika Kibera, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) lilitoa matibabu bila malipo kwa takriban miaka 20, yakiwemo ya maradhi hayo, kabla ya kukabidhi huduma zake kwa Kaunti ya Nairobi mnamo 2017. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) imechukua nafasi ya NHIF, na mchango wa chini kabisa ni Sh300 kwa mwezi. Kwa familia isiyojua kesho itakula nini, hata kiasi hicho hushindania nafasi na unga na kodi ya nyumba.

Sayansi yenyewe haiidharau mimea. Artemisinini, dawa ya malaria iliyompatia Tu Youyou wa China Tuzo ya Nobel mnamo 2015, hutokana na mmea. Metformini, kidonge kinachotumiwa na wagonjwa wengi wa kisukari, chimbuko lake ni uchunguzi wa mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis. Tofauti ni kwamba kidonge kina kipimo kinachojulikana, na madhara yake yamechunguzwa. Chupa ya mitishamba inayouzwa kando ya barabara haina uhakika huo.

Hapo ndipo hatari inapojificha. Karela hupunguza sukari mwilini; anayeinywa pamoja na dawa za hospitali bila kumwarifu daktari anaweza kujikuta sukari imeshuka kupita kiasi. Kitunguu saumu kikitumiwa kwa wingi na mtu anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda, kinaweza kuzidisha uwezekano wa kuvuja damu. Mgonjwa anayeficha kwa kuogopa kukemewa humnyima daktari habari anayoihitaji zaidi.

Hatari kubwa zaidi ni kuacha dawa. Mnamo 2011, maelfu ya watu, wakiwemo Wakenya, walimiminika katika kijiji cha Samunge, Loliondo, nchini Tanzania, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila kwa Sh500 za nchi hiyo. Waliamini kwamba kingewaponya kisukari, kansa na hata Ukimwi. Madaktari walionya wagonjwa wasiache dawa zao, lakini aliyekwisha kuaminishwa kwamba amepona haoni sababu ya kuendelea kumeza vidonge.

Mfano wa pili unahusu familia ya mtu ambaye kijiji cha Raila kinabeba jina lake. Mnamo Februari 2022, Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, alisimulia katika hotuba yake ya redio jinsi Rosemary, bintiye Raila Odinga, alivyopoteza uwezo wa kuona baada ya upasuaji wa uvimbe kwenye ubongo, kisha akapata nafuu kwa tiba ya Ayurveda huko Kerala. Msikilizaji makini atagundua kwamba upasuaji ulitangulia, tiba ya asili ikafuata. Odinga mwenyewe alifariki Kerala mnamo Oktoba 15, 2025, alikokuwa akitibiwa. Alipozidiwa katika matembezi ya asubuhi, alikimbizwa katika hospitali ya kisasa. Hata huko, tiba hizi mbili huishi jirani.

Utulivu wa akili nao una nafasi yake. Mnamo 1979, Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha wagonjwa wenye maumivu sugu nchini Marekani kutafakari kwa utulivu. Mnamo 2017, Chama cha Moyo cha Marekani kilisema zoezi hilo huenda likasaidia kupunguza hatari ya maradhi ya moyo, mradi liandamane na matibabu ya kawaida. Raila, ambako chumba kimoja hulaza familia nzima na ukuta wa mabati hauzuii redio ya jirani, kimya ni adimu. Hata hivyo, wengi hukipata katika sala ya alfajiri au katika nyuradi msikitini. Utulivu huo humsaidia mgonjwa kuvumilia, lakini hauchukui nafasi ya kidonge.

Sheria ya Afya ya 2017 iliitambua tiba ya asili, na ikaitaka wizara iweke utaratibu wa waganga kuwaelekeza wagonjwa hospitalini. Mganga wa Kawangware anayempima mteja wake presha na kumtuma zahanati inapopanda, huokoa maisha. Muuguzi anayeuliza bila dharau, "Unatumia nini kingine nyumbani?" hufanya vivyo hivyo. Naye mgonjwa anayeambiwa atupe vidonge vyake kwa kuwa chupa moja itamponya, ana haki ya kuondoka hapo bila kununua.