Kisima cha Igogo ni mtaji, kipimwe kama mtaji

Kando ya Ziwa Victoria, kuanzia Igogo hadi kwenye bustani za mboga nje ya mji wa Mwanza, kisima ni kitega uchumi. Mwenye fedha kidogo huchimba, hufunga pampu, kisha huuza maji kwa ndoo au humwagilia mchicha na nyanya za sokoni. Biashara ni nzuri, ila wengi huiingia wakiwa wamefumba macho.

Mwenye mtaji atokaye Dar es Salaam huogopa chumvi, kwani huko maji ya bahari huingia visimani pampu zinapozidi. Ziwa Victoria ni maji baridi. Basi huonja, huridhika na kulipa. Hapo ndipo anapokosea. Adui wa Mwanza hana ladha.

Kwanza ni vyoo vya shimo. Vilima vya Igogo ni miamba yenye nyufa, udongo ni haba na nyumba zimebanana, hivyo maji machafu hupenya bila kuchujwa. Pili ni samadi na mbolea ya chumvichumvi, ambazo zikizidi huacha nitrati, hatari kwa watoto wachanga. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita. Tatu ni floraidi itokayo katika mwamba wenyewe. Kikomo chake ni miligramu 1.5. Kuchemsha huua vijidudu, lakini nitrati na floraidi hubaki.

Wapo wanaolalamika kuwa kupima ni gharama. Soko limekwisha wajibu. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu iliyotumika kuvulia, na hasara ikawakumba hata waliovua kwa halali. Mchicha ulioogeshwa maji machafu hauna kinga zaidi ya sangara.

Kwa hiyo mnunuzi adai cheti cha maabara kabla ya kutoa malipo ya awali, na kipimo kirudiwe baada ya mvua kubwa. Kisima cha biashara kiwe na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria. Akumbuke pia kuwa Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa.

Muuzaji asiye na karatasi hizo anauza shimo, hauzi maji.