Paka Wetu Si Mlevi

Yeyote aliyepita karibu na stoo ya jikoni muhula huu amemwona yule paka wa kijivu anayeyumbayumba kama mtu atokaye mangweni. Wanafunzi walimbandika jina Mlevi. Nami nilicheka, sikatai. Lakini siku alipoanguka mara tatu akiifuata omena moja niliyomdondoshea, kicheko kilinikauka.

Tulimpeleka kwa daktari wa mifugo. Kumbe hana kifafa wala hakutiliwa sumu! Mama yake alishikwa na maradhi ya virusi akiwa na mimba, na ile sehemu ya ubongo inayoongoza mizani ya mwili haikukua sawasawa. Hali hiyo haina dawa. Hata hivyo haiambukizi, haimuumi, wala haizidi kadiri miaka inavyokwenda. Paka wa namna hii aweza kuishi miaka mingi kama wenzake, mradi apate pa kuishi.

Hapo ndipo penye kizungumkuti. Shule ikifungwa, jiko nalo litafungwa, na nimesikia mtu mzima na akili zake akisema ati atiwe guniani akatupwe sokoni. Jamani! Huko ni kumwua. Mbwa wakimkimbiza hawezi kupanda mti, na barabarani gari halitamngoja ajiinue. Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, nayo haisemi popote kwamba asiyeshika panya hahesabiki.

Maana swali la kwanza la kila mtu ni hilo: "Anashika panya?" Hashiki. Najua mwenye ghala la mahindi hafugi paka wa kutazama tu. Lakini nyanya yangu ana mbwa mzee, kibogoyo, asiyebweka hata mwizi apite, na jioni sahani yake haikosekani.

Hata hivyo sikubaliani na wanachama wenzangu wanaosema apewe wa kwanza atakayemwomba. Mbona tumesahau upesi hivyo? Mwezi uliopita tulimtoa kwa watu wema kabisa, na baada ya siku nane akarudishwa mbavu nje. Sahani yake ilikuwa juu ya ngazi, naye ngazi hawezi. Chakula kilikuwa ugali na maziwa. Paka si mbwa, ni mla nyama hasa; akikosa nyama au samaki muda mrefu, macho na moyo huharibika, na maziwa huwaendesha wengi wao. Siwalaumu watu hao. Sisi ndio tuliomkabidhi bila kusema neno, tukidhani huruma inatosha.

Kwa hiyo safari hii tuulize, hata tukionekana wajuaji. Je, nyumba ina ngazi? Kuna mbwa mkali? Sakafu ikiwa ya saruji laini, kuna mkeka au gunia la kumzuia asiteleze? Omena atanunua nani mwezi ukiwa kona? Mwenye kujibu bila kukasirika, huyo ndiye tunayemtafuta, awe mwalimu, mpishi au mzazi wa mwanafunzi wa kutwa.

Zimebaki wiki mbili tufunge. Paka yuko stoo, nyuma ya magunia ya maharagwe. Atakayemjia aje na blanketi kuukuu, kwani analolalia sasa tumeliazima bwenini na mwenyewe analidai.